Kiraka cha Katikati

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitikia kama watu waliokwisha kushiba. Paukwa!

Pakawa!

Afadhali. Wewe wa nyuma, meza kwanza hicho unachotafuna. Na ninyi watu wazima, msijifanye mmekuja kuwasindikiza watoto. Nawaona. Kaeni.

Hapo zamani za kale, kabla babu ya babu yangu hajajifunza kusema uongo, palikuwa na mlima wa mawe. Mlima huo ulikuwa na baridi. Kipupwe kikiingia, ukungu ulishuka ukakaa siku nyingi bila kuaga, kama mgeni wa upande wa mume.

Wanyama wa mlima ule walikuwa na mfarishi mmoja. Mfarishi ni nini? Ni blanketi la viraka. Limeshonwa tabaka mbili, na katikati limejazwa sufi. Mfarishi wao ulikuwa mkubwa. Watoto wote wa mlima walilala chini yake usiku wa baridi, vichwa katikati, mikia pembeni.

Mtaniuliza wanyama walipata wapi vitambaa. Walipata walikopata. Chini ya mlima palikuwa na vijiji, na vijijini palikuwa na kamba za kuanikia nguo. Mimi sisemi zaidi.

Kila mwaka kipupwe kilipokaribia, waliutandaza mfarishi mchana juu ya jiwe bapa. Kila nyumba ilileta kiraka. Kiraka cha nini? Cha jambo lililoipata nyumba ile. Umeoa, lete kiraka. Umevunjika mguu, lete kiraka. Umezaa, umezika, umegombana na mkweo mkapatana, lete kiraka.

Lakini hakuna aliyeshona kiraka chake mwenyewe. Hiyo ilikuwa desturi. Kiraka chako alikishona jirani yako wa mlango wa karibu, na wewe ulikaa mbele yake ukasimulia. Ukisema, sindano inakwenda. Chwi! Fyuu! Chwi! Fyuu! Ukinyamaza, sindano inasimama. Ndivyo ilivyokuwa. Mwenye maneno mengi alipata kiraka imara. Mwenye maneno machache, basi tena.

Msimamizi wa kazi alikuwa Bi Mhanga. Bi Mhanga alikuwa na masikio marefu kuliko wote, kwa hiyo walimpa kazi ya kusikiliza. Hadithi ikimalizika, alisema, "Masikio yameshiba." Hapo fundo lilifungwa, uzi ukakatwa. Yeye mwenyewe hakuweza kuukata, maana mhanga hana meno ya mbele. Uzi ulikatwa na Kicheche.

Huyu Kicheche alipenda kusema. Mwaka mmoja alisimulia jinsi alivyomtisha simba. Alisimulia siku mbili. Jirani yake alishona siku mbili. Kiraka kikawa kigumu kama ubao wa mlango, na kwa kuwa kilikuwa kiraka cha Kicheche, kilikuwa pia na harufu. Waliolala chini yake walipata joto. Hawakupata kingine.

Mzee Kobe naye alisimulia jinsi alivyovuka kijito. Mpaka jua linazama alikuwa hajalowa. Kiraka chake wakakiacha kimeshonwa upande mmoja tu, wakasema watamalizia mwaka unaofuata.

Sasa nataka mumjue Bi Nungunungu.

Sindano za mlima ule zilitoka kwake. Kila mwaka alichomoa miiba mgongoni mwake, akaitoboa matundu, akaigawa. Hakudai kitu. Alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja wa kike, jina lake Kitonge. Nungunungu habebi mtoto mgongoni. Mwenye akili anajua kwa nini. Basi Bi Nungunungu alimbeba Kitonge kwa mbele, kwa mbeleko ya kaniki, na alipokwenda kuchimba muhogo ulimwona Kitonge anachungulia chini ya kidevu cha mama yake. Kitonge alikuwa mtoto wa adabu. Alimwamkia kila mtu. Aliamkia hata mawe, yale yaliyokaa kiutu uzima.

Jirani wa Bi Nungunungu alikuwa Bwana Ngiri. Mlango kwa mlango. Bwana Ngiri alivaa kikoi cha mistari na alikuwa na sifa nzuri. Kwenye msiba alifika wa kwanza. Kwenye harusi alibeba maji. Nawaambieni mapema, Bwana Ngiri hakuwa mbaya. Kama mmeshaanza kumchukia, acheni kidogo, mtachoka bure.

Kiangazi kimoja moto wa nyika ukapanda mlimani. Ilikuwa saa sita mchana. Ruuuu! Kila mnyama akakimbilia shimoni. Bi Nungunungu alikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye muhogo. Kitonge alikuwa ameshakua kidogo, habebwi tena kila mara, na siku hiyo alibaki nyumbani anacheza. Mbeleko yake alikuwa ameifunga shingoni.

Moto ukapita. Wanyama wakabaki mashimoni, wanaogopa. Aliyetembea wa kwanza juu ya majivu ni Bi Nungunungu. Akamkuta Kitonge nje ya mlango wa Bwana Ngiri. Moshi ulikuwa umemmaliza. Na pale mlangoni, kwenye udongo, palikuwa na nyayo ndogo. Nyayo zimekuja. Zimesimama. Zimegeuka.

Sasa sikilizeni. Ngiri ana desturi yake. Ngiri huingia shimoni kinyumenyume. Hutanguliza mkia, uso unabaki mlangoni. Kwa hiyo ngiri akiwa ndani humwona kila anayesimama nje.

Bi Nungunungu alilijua hilo. Akambeba mwanawe, akaenda naye nyumbani. Wengine walipotoka waliambiwa moto umemchukua mtoto. Walilia, walizika, hawakuuliza alikutwa wapi. Bwana Ngiri alifika msibani wa kwanza. Alichimba kaburi peke yake, akakataa kupokezana.

Yeye alijua. Na mama alijua. Na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Mlima mzima haukujua. Nimewaambia ninyi tu, kaeni nalo.

Kipupwe kikaja. Mfarishi ukatandazwa. Bi Nungunungu akaleta kipande cha ile mbeleko ya kaniki. Viraka vya watoto hushonwa katikati, kwa sababu ndipo watoto wanapolala. Na nani atakishona? Jirani wa mlango wa karibu. Bwana Ngiri akapokea sindano.

"Tusimulie, Bi Nungunungu," akasema Bi Mhanga.

Bi Nungunungu akaitazama ile sindano. Ilikuwa mwiba wake mwenyewe, na iko mkononi mwa Bwana Ngiri. Kitambaa cha mwanawe kimelala juu ya goti la Bwana Ngiri. Wanyama wote wamekaa, wanamwonea huruma, na wanafurahi kwamba amepata jirani mwema wa kumshonea. Utaanzia wapi?

"Hiki ni cha mwanangu," akasema.

Chwi! Fyuu! Chwi! Fyuu! Chwi! Fyuu!

Akanyamaza. Sindano ikasimama.

"Endelea, mama," akasema Bi Mhanga.

"Nimemaliza."

Mishono mitatu. Bwana Ngiri akairudisha sindano haraka. Wanyama wakasema maskini, uchungu umemziba mdomo. Hawakukosea sana.

Mishono mitatu haishiki kitu. Kabla kipupwe hakijaisha, chaa! Kiraka kikabanduka. Pakabaki tundu katikati ya mfarishi. Sufi ikatoka, upepo ukaingia, watoto wakakohoa.

Mwaka wa pili Bi Nungunungu akakirudisha kile kiraka. "Hiki ni cha mwanangu." Mishono mitatu. Chaa! Safari hii Kicheche akatoa shauri wakibandike kwa ulimbo. Wakabandika. Kiraka hakikushika, ila mtoto wa digidigi alishika. Alinasa kwa kichwa, akatembea na mfarishi kila alikokwenda, mpaka mvua za vuli.

Mwaka wa tatu, mishono mitatu, chaa! Wakaziba tundu kwa jani la mgomba. Asubuhi jani halipo. Liliulizwa swali, nani amelila? Hakuna aliyejibu. Mama wa digidigi alikuwa anatafuna polepole, lakini yeye hutafuna polepole siku zote.

Na miaka yote hiyo Bi Nungunungu alimshonea Bwana Ngiri viraka vyake, maana ndiye aliyekuwa jirani yake. Bwana Ngiri alisimulia habari za viazi vitamu. Viazi vilivyooza, viazi vilivyostawi. Bi Nungunungu alishona vizuri, mishono midogo, imenyooka. Hakumshonea kwa chuki. Angalimshonea kwa chuki, labda Bwana Ngiri angalilala usingizi.

Mwaka wa nne, kiraka bado hakijashonwa, Mama Pimbi akajifungua kabla ya siku zake, kipupwe kimeshika. Mtoto alikuwa mdogo kama kunde iliyokosa mvua. Alikuwa anapumua kwa kukumbuka. Anapumua, anasahau, anakumbuka. Wakamlaza katikati ya mfarishi, chini ya tundu, maana ndiyo desturi. Asubuhi midomo yake ikawa ya buluu.

Asubuhi hiyohiyo Bi Mhanga akawaita wote kwenye jiwe bapa.

"Mtoto huyu akilala tena chini ya tundu," akasema, "kesho hatuna mtoto."

"Alale pembeni," akasema Kicheche. "Chini ya kiraka changu kuna nafasi. Sijui kwa nini, kila mwaka kuna nafasi."

"Nilijaribu," akasema Mama Pimbi. "Pembeni upepo unapita kwa chini. Tena alitapika."

Mama Pimbi akamgeukia Bi Nungunungu. Alikuwa amemkumbatia mwanawe kifuani kwa mikono miwili.

"Dada," akasema, "miaka mitatu sijakuuliza, na sikupenda kukuuliza. Leo nakuomba. Sema lolote. Sema alikuwa anapenda kula nini. Kiraka kina pande nne tu, dada. Mwanangu anataka pande nne."

Bi Nungunungu akamtazama mtoto. Mtoto akapumua, akasahau, akakumbuka.

"Nikisema nusu, haitashika," akasema. "Tumeona miaka mitatu. Na nikisema yote..." Akamtazama Bwana Ngiri. Bwana Ngiri anatazama kwato zake. "Siwezi, Mama Pimbi. Nisamehe. Mdomo haufunguki."

"Basi nitamsemea mimi," akasema Kicheche.

Kicheche siku ya moto alikuwa kijiji cha pili, kwenye mabanda ya kuku. Jambo hilo halikumzuia. Bwana Ngiri akapewa sindano na kile kiraka. Kicheche akakaa mbele yake, akakohoa, akaanza.

"Siku ile," akasema Kicheche, "Kitonge alikuwa amelala kivulini. Usingizi mzito. Moto ulikuja taratibu, na moshi ulikuja taratibu zaidi. Hakuona kitu. Hakusikia kitu. Hakukimbia, hakuita, hakubisha mlango wa mtu. Alikwenda zake bila kumsumbua yeyote."

Chwi! Fyuu! Chwi! Fyuu! Bwana Ngiri anashona. Ameinamisha kichwa, haangalii mkono. Chwi! Fyuu! Kadiri Kicheche alivyosema, ndivyo Bwana Ngiri alivyoshona mbio. Chwifyuu, chwifyuu, chwifyuu! Hadithi nzuri ile. Haikuwa na mlango ndani yake. Ungedhani Bwana Ngiri angefurahi.

Kicheche akamaliza. Akangoja asifiwe.

"Masikio yamejaa," akasema Bi Mhanga. Hakusema yameshiba.

Bwana Ngiri akainuka. "Nimeacha viazi motoni," akasema. Akageuka, akaondoka.

Mfarishi ukaondoka naye.

Akapiga hatua ya kwanza, mfarishi ukapiga hatua ya kwanza. Akavuta, ukamfuata. Mzee Kobe alikuwa amekaa juu yake. Alisafiri hatua nane, kasi kubwa kuliko zote maishani mwake, na hakulalamika.

"Simama," akasema Bi Mhanga.

Wakaangalia. Bwana Ngiri alikuwa amekishona kiraka cha Kitonge kwenye kikoi chake mwenyewe. Mishono michache imepita kwenye mfarishi. Iliyobaki yote imeshika kikoi, mmoja juu ya mwingine, mpaka kiunoni.

"Hilo si tatizo," akasema Kicheche. Akatoa meno. "Nakata."

"Usikate," akasema Bwana Ngiri.

Alisimama pale muda mrefu. Kaniki ya Kitonge inaning'inia kiunoni mwake. Alitazama kuelekea mlango wa nyumba yake, akatazama njia ya kushukia bondeni. Vyote viwili vilikuwa karibu. Kisha akamtazama mtoto wa Mama Pimbi, ambaye alikuwa amesahau kupumua, na safari hii alikawia sana kukumbuka.

Bwana Ngiri akarudi. Akakaa chini. Akamnyoshea Bi Nungunungu sindano.

"Shona wewe," akasema. "Mimi niseme."

"Haiwezekani," akasema Kicheche. "Desturi ni desturi. Mtu hashoni kiraka chake."

Bi Mhanga akainua sikio moja, kisha la pili. "Bwana Ngiri," akasema, "hadithi unayotaka kuisema ni ya nani?"

"Yangu," akasema Bwana Ngiri.

"Basi na kiraka ni chako. Jirani yako wa mlango wa karibu ni nani?"

"Bi Nungunungu."

"Desturi imetimia. Kicheche, kaa."

Bi Nungunungu akaipokea sindano. Hakuifumua ile mishono ya kwanza. Akavuta kiraka na kikoi pamoja, na Bwana Ngiri ilibidi avutike navyo, akasogea mpaka magoti yao yakagusana. Akavilaza juu ya tundu, kaniki juu, kikoi chini. Akangoja.

"Siku ile ya moto," akasema Bwana Ngiri, "nilikimbia. Niliwapita wengine njiani. Nilimpita Mzee Kobe. Sikumwambia kitu."

"Nilikuona," akasema Mzee Kobe.

Chwi! Fyuu! Chwi! Fyuu!

"Nikaingia shimoni kwangu, kinyumenyume. Moto ulikuwa unakuja kutoka chini. Nilikuwa nauona. Nilikuwa naogopa sana. Sijawahi kuogopa vile."

Chwi! Fyuu! Upande wa kwanza ukaisha. Bi Nungunungu akageuza kitambaa.

"Kisha akaja Kitonge. Alikuwa na mbeleko shingoni. Akasimama mlangoni. Akasema, 'Hodi. Shikamoo, Mzee Ngiri.'"

Sindano ikasimama. Bwana Ngiri alikuwa hajanyamaza. Ni mkono wa Bi Nungunungu uliosimama. Akajifuta machoni, akaendelea. Chwi. Fyuu.

"Nikasema, 'Marahaba,'" akasema Bwana Ngiri.

Upande wa pili ukaisha.

"Akasema, 'Mama hayupo, naomba niingie.' Nami nilimtazama. Nilitazama miiba yake. Mimi uso wangu uko mlangoni, na shimo ni jembamba. Nikafikiri akiingia atanichoma usoni. Hicho ndicho nilichofikiri. Moto unakuja, na mimi nafikiria pua yangu."

Chwi! Fyuu! Chwi! Fyuu!

"Nikamwambia, 'Pamejaa.'"

Upande wa tatu ukaisha. Bwana Ngiri akanyamaza. Sindano ikasimama. Wanyama wote wanatazama chini. Mama Pimbi amemfunika mwanawe masikio, ijapokuwa mtoto hajui bado lugha yoyote.

Bi Nungunungu akangoja.

"Upande mmoja bado," akasema Bi Nungunungu.

"Bi Nungunungu..."

"Upande mmoja bado, Bwana Ngiri. Upepo unaingia."

Bwana Ngiri akautazama ule upande uliobaki wazi.

"Hapakuwa pamejaa," akasema. "Nilikuwa peke yangu. Palikuwa na nafasi ya kama yeye watatu."

Chwi. Fyuu. Chwi. Fyuu.

"Miaka minne nimekuwa nikiipima nafasi ile kwa mgongo wangu. Kila nikiingia, naipima. Kitonge anaenea. Kila siku anaenea."

Chwi. Fyuu. Umebaki mshono mmoja. Bi Nungunungu akaishika sindano juu, hakuiteremsha.

"Alijibu nini?" akauliza.

Bwana Ngiri akalia. Ngiri akilia si jambo la kupendeza, nalisema kwa heshima zote.

"Alisema, 'Ahsante, Mzee. Nitajaribu kwa Bi Mhanga.'"

Bi Nungunungu akashona mshono wa mwisho. Akafunga fundo. Akaegemeza kichwa kwenye kile kiraka, naye akalia, kwa sauti, kama alivyopaswa kulia miaka minne iliyopita na hakulia. Bi Mhanga akakunja masikio yake yote mawili, akayafunika macho. Hakusema yameshiba. Kicheche akasogea, akakata uzi, akakata na kikoi, akarudi mahali pake. Huyo Kicheche, ambaye alisimulia simba siku mbili, hakutoa neno mpaka kesho yake.

Mama Pimbi akamwingiza mtoto katikati. Upepo ukapita juu ya mfarishi, ukatafuta tundu, ukakosa. Kaniki juu, kikoi chini, sufi katikati. Mtoto akapumua. Wakangoja asahau. Hakusahau.

Bwana Ngiri akainuka na nusu ya kikoi. Hakuna aliyecheka. Akasema, "Bi Nungunungu, sikuombi kitu."

"Usiniombe," akasema Bi Nungunungu. "Si leo."

Je, alimsamehe? Sijui. Hakusema, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwuliza. Lakini alimwambia, "Usiondoke. Kaa." Akakaa.

Kisha Bi Nungunungu akaanza kusema. Kiraka kimekwisha kushonwa. Sindano imelala juu ya jiwe. Hakuna anayeshona chochote. Akasema kwamba Kitonge alikuwa anaogopa kuku. Akasema kwamba aliwahi kukataa kula siku nzima kwa sababu muhogo ulifanana na mjomba wake. Akasema jinsi alivyokuwa akiuita mwezi ugali, na akilia aletewe. Wanyama wakacheka, wakanyamaza, wakaona haya kwamba wamecheka, naye akawaambia chekeni, alikuwa anachekesha. Akasema mpaka jua likatua, na hakuna aliyemwambia inatosha.

Basi, watoto na ninyi wakubwa mnaojipangusa pua kwa siri, fundisho lake ni hili. Aliyetenda ndiye aseme. Ukimuumiza mwenzako kisha ukanyamaza, umemwachia mizigo miwili, wa kuumia na wa kukuficha, na wa pili ndio unaomziba mdomo. Kusimulia viazi hakulipi. Kuchimba kaburi peke yako hakulipi. Sema, na useme pande zote nne, hasa ule usioutaka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyelala aamshwe akalale kwao, na aliyeamka amsaidie mwenzake kukunja mkeka.